Mapacha Waliopishana Miaka Minne

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori ya mgodi wa Mashamba hayajaanza kupita, mwanamke mrefu anafagia uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa wa Dilala, mjini Kolwezi. Anafagia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameushikiza kwenye paja la kushoto, kwa sababu goti la upande huo halipendi asubuhi. Vumbi jekundu linakimbia mbele ya ufagio, linapanda kidogo, linatua tena nyuma yake.

Mama mmoja mwenye beseni la mikate kichwani anapita njiani na kusimama.

"Mama Ndaya, ile vumbi unafagia, kesho itarudia."

"Na mi kesho nitarudia," anajibu bila kuinua uso. "Tutaona nani atachoka mbele."

Wanacheka, kila mmoja anaendelea na yake. Akimaliza kufagia atakoka moto wa chai, atamwamsha binti yake aende shule, kisha atarudi papa hapa kando ya uwanja, chini ya kibanda cha mabati, ashone mabuti ya wafanyakazi wa migodi mpaka jua lipoe.

Ukimkuta ameketi kwenye kile kigoda cha fundi viatu, magoti yakikaribia masikio, utamwonea huruma kidogo kisha utataka kucheka. Ana urefu wa mita moja na sentimita themanini na nane. Kigoda kilitengenezwa kwa ajili ya binadamu wengine.

Wengi wanaomletea buti hawajui kwamba mwanamke huyu alikula jasho la mpira wa kikapu kwa miaka kumi na minne, kwanza hapa Kolwezi, kisha Lubumbashi, na mwishowe Luanda, Angola, ambako mashabiki walimpa jina la Ngazi. Wanaojua hilo nao hawajui jambo la pili.

Kwenye pasipoti yake ana miaka arobaini na miwili. Kwa mama aliyemzaa ana arobaini na sita. Habari hii inahusu ile miaka minne iliyo katikati. Mwenye mtoto mrefu nyumbani asiiruke.

Alizaliwa Septemba 12, 1979, dakika chache baada ya kaka yake. Kwa Waluba wa kaskazini mwa Katanga, mapacha hawatafutiwi majina. Majina yao yapo tayari yakiwasubiri: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Mtu akikwambia anaitwa Kabange, humwulizi kama ana pacha. Unamwuliza tu Kyungu wake yuko wapi.

Basi huyu ndiye Kabange. Ndaya ni jina la bibi yake, alilokuja kulivaa baadaye kama nguo ya kuazima.

Baba yao, Tata Kalenga, alikuwa fundi mitambo wa kampuni ya migodi, na familia ilikaa katika nyumba za kampuni hapo Dilala. Mama yao, Mama Mwadi, aliuza unga wa mahindi sokoni. Mama huyo alikuwa na sheria moja ambayo mtaa mzima uliijua: hakununua kitu kimoja. Sabuni mbili, madaftari mawili, ndizi mbili. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Alikuwa anasema mapasa hawanyimanake," anakumbuka Ndaya, akipitisha uzi wenye nta kwenye tundu la sindano. "Kama mumoja analala njaa, na mwengine alale njaa. Tulilala njaa pamoja mara mingi. Lakini tulikuwa bawili."

Mwaka 1997 mambo ya kampuni yalikuwa yameharibika, mishahara inafika kwa kuruka miezi, na wanaume waliozoea kuamka saa kumi kwenda kazini walikuwa wameketi mbele ya nyumba wakitazama barabara. Katika kipindi hicho ndipo kiongozi wa timu moja ya mpira wa kikapu, aliyeitwa Tata Stany, alipomwona binti wa Kalenga akirusha mpira kwenye uwanja wa saruji.

Alikuja nyumbani jioni ya Jumamosi, akapewa kiti kizuri. Ndaya alikuwa amesimama mlangoni, anakumbuka kila neno.

"Huyu mutoto iko na miaka ngapi?" Stany aliuliza.

"Atatimiza kumi na nane mwezi wa kenda," alijibu baba.

"Tutaandika kumi na ine."

Baba hakuelewa. Stany alimfafanulia bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kulikuwa na mashindano ya wasichana wasiozidi miaka kumi na sita. "Kama iko na kumi na nane, batasema ni mutu murefu, basi. Kama iko na kumi na ine, batasema ni miujiza. Banakuyaka kuangalia miujiza, Tata Kalenga. Mutu murefu beko naye ku nyumba."

Mama Mwadi alikuwa akichekecha unga. Aliweka chekeche chini.

"Mi nilizala bawili siku moja," alisema. "Sasa huyu alibakia mu tumbo yangu miaka ine, mi nikiendelea kuuza bunga?"

Wanaume walicheka sana. Stany ndiye aliyecheka kuliko wote. Mama Mwadi hakucheka, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akarudi kwenye unga wake.

Baba alitia sahihi. Tusimhukumu haraka. Nyumba ilikuwa na watoto sita, na mtu amekuja na shati safi akisema binti yako akiingia timu ataitwa mfanyakazi wa kampuni, atapewa namba ya kazi na unga kila mwezi.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo lisingetokea mahali pengine. Miaka unaweza kuikata kwa kalamu. Jina la Kabange hukati. Mwamuzi yeyote wa Katanga angelisoma kwenye orodha na kuuliza, "Kyungu wake ana miaka mingapi?" Na Kyungu alikuwa hapo hapo Dilala, ndevu zimeanza kuota. Kwa hiyo Kabange likaondolewa. Likaandikwa Ndaya Stéphanie, amezaliwa Machi 3, 1983.

Kilichofuata ni shule. Alikuwa darasa la tano la sekondari, umebaki mwaka mmoja tu afanye mtihani wa serikali. Mtoto wa miaka kumi na minne anafanya nini darasa la tano? Stany alisema aache kwanza. "Masomo haiwezi kimbia," alisema.

Kyungu alibaki shuleni, akafaulu, akajifunza umeme. Leo ni fundi umeme mjini Fungurume, ana nyumba ya matofali na watoto wanne.

Ndaya hasemi kwamba mpira ulimdhulumu. Ukimwuliza habari za uwanjani, uso wake unafunguka, anaacha hata kushona.

Timu ya kwanza, anasema, ilikuwa na wachezaji kumi na jozi saba za viatu. Ukibadilishwa, unaketi na kuvua viatu upesi, mwenzako anaingiza miguu vikiwa bado na joto lako. Siku moja mwamuzi alisimamisha mchezo akiuliza mbona mchezaji mpya haingii. Mchezaji mpya alikuwa anahangaika na kamba ya Ndaya iliyofungwa fundo.

"Njo pale nilijifunzia viatu," anasema. Soli zikibanduka alikuwa akizibandika mwenyewe kwa vipande vya ule mpira mzito wa mikanda inayosafirisha mawe kiwandani. Mpira huohuo ndio anaoutumia leo kwenye mabuti. Wateja wake wanasema buti la Mama Ndaya linamaliza mguu kabla ya soli kwisha.

Mwaka 2004 alikwenda Luanda. Klabu ilimlipa dola mia nne kwa mwezi, baadaye mia saba. Kila mwezi nusu ilikwenda Kolwezi. Ndiyo iliyowasomesha wadogo zake wanne. Ana picha moja aliyoihifadhi ndani ya Biblia: ameinuliwa mabegani na wenzake, wavu wa kikapu umening'inia shingoni kama mkufu. Siku hiyo zilibaki sekunde tatu, timu yake iko nyuma kwa kikapu kimoja, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uliingia. Wa pili aliukosesha makusudi, akaruka na kuudaka mwenyewe juu ya watu wote, akaurudisha ndani.

"Hiyo sikufundishwa na mutu," anasema, na unaona kwamba hata leo, na lile goti, mabega yake yangetaka kuruka.

Mwezi Machi, kila mwaka, wachezaji wenzake walimfanyia sherehe ya kuzaliwa. Keki, nyimbo, picha. Septemba 12 alijifungia chumbani na kumpigia simu Kyungu. Kaka yake ni mtu wa mzaha.

"Mutoto yangu," Kyungu alikuwa akimwambia, "ukikomaa unataka kufanya kazi gani?"

"Nyamaza, muzee. Mungu akusaidie na hizo mvi."

Walicheka mpaka salio likaisha. Kisha Ndaya alikaa kitandani na kuzima taa mapema.

Darlène alizaliwa Luanda mwaka 2008. Baba yake, mfanyabiashara wa Kikongo, aliachana na Ndaya bila ugomvi na bado anampigia mtoto simu. Miaka miwili baadaye goti la kushoto likaanza kuvimba.

"Munganga wa klabu aliangalia picha ya goti, akaangalia karatasi yangu, akarudilia picha," anasimulia. "Akasema, 'Hii goti ni ya mutu wa miaka makumi tatu.' Akacheka. Na mi nikacheka pamoja naye."

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Karatasi ilisema ishirini na saba.

Daktari aliamua kufuata karatasi. Mtu wa ishirini na saba anapona haraka, alisema. Sindano, wiki tatu, arudi uwanjani. Sentensi moja tu ingetosha kumwokoa, na sentensi hiyo alikuwa nayo mdomoni. Lakini angeisema, klabu ingevunja mkataba, labda afungiwe, na wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni.

"Nilinyamaza," anasema. "Nilichoma sindano, nikarudia kuruka."

Karatasi ilidanganya watu wote isipokuwa goti. Mwaka uliofuata lilikatika katikati ya mazoezi, hakuna hata mtu aliyemgusa. Mchezo ukaishia hapo. Akarudi Kolwezi na masanduku mawili na mtoto wa miaka mitatu. Mama Mwadi alimpokea, akaishi naye mwaka mmoja, akafariki. Ndani ya sanduku lake walikuta vitenge viwili vya rangi moja, havijashonwa. Kimoja kilikuwa na karatasi iliyoandikwa Kyungu. Cha pili, Kabange.

Shule moja ilikuwa inatafuta mwalimu wa michezo. Nani angefaa zaidi? Ndaya alipeleka karatasi zake zote: pasipoti yenye jina la Ndaya, na ripoti za zamani za shule zenye jina la Kabange. Karani alizilaza mezani, moja kando ya nyingine, akazitazama.

"Aliniuliza, 'Mama, huyu Kabange ni nani? Yaya yako?'" Yaya, kwa huku, ni dada mkubwa. Ndaya anaweka sindano chini. "Ningeweza kumuelezea. Lakini nyuma yangu batu beko banangoja, na bote banasikia. Nikasema, 'Ndiyo. Ni yaya yangu.'"

Karani alimrudishia ripoti za yaya yake kwa heshima. Bila diploma ya serikali, kazi ya ualimu haikuwezekana. Walimwambia uwanja wa mtaa unahitaji mtu wa kufagia.

Uongo wa karatasi una tabia ya kutaka uongo mwingine uusindikize. Darlène alipofika miaka sita alianza kuuliza kama watoto wote wa huku wanavyouliza: mjomba ni Kyungu, basi Kabange wake yuko wapi? Ndaya aliogopa mtoto atalisema shuleni au kanisani, likafika asikotaka. Majirani wa zamani walikuwa wametawanyika, wengine Likasi, wengine Lubumbashi. Hakuna wa kumsahihisha.

Akamwambia Kabange alikufa angali mtoto mchanga.

Kyungu aliposikia, hakugomba. Aliacha tu kumwita "mutoto yangu". Tangu siku ile mzaha ule ukakoma kati yao.

Sasa Darlène ana miaka kumi na saba, urefu wake unamkaribia mama yake, na mpira ukitoka mkononi mwake watu wanaopita kwa pikipiki wanapunguza mwendo. Mwezi wa tano mwaka huu mwanamume mmoja nadhifu, mwenye simu mbili, alisimama kando ya uwanja mchana wa kwanza, wa pili na wa tatu. Siku ya nne alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi karibu na kibanda cha viatu. Alijitambulisha kwa jina la Mechack. Anatafuta wachezaji chipukizi, alisema, wa kupelekwa nje kwenye mashindano ya wasichana wadogo, ambako vilabu vikubwa vinakuja kuchagua.

"Mama, iko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Tutaandika kumi na ine."

Namba ileile. Ndaya anasema alitazama uso wa yule kijana kuona kama anamfanyia mzaha. Hakuwa na mzaha. Alikuwa hajui lolote.

"Unafanya hii kazi tangu lini?" Ndaya alimwuliza.

"Miaka sita, mama. Weye ulicheza, unajua vile bitu binaendaka."

"Najua. Njo maana nakatala."

"Usikatale leo. Lala nayo kwanza." Mechack aliacha karatasi kwenye meza ya viatu: tamko jipya la kuzaliwa, mahali pa sahihi ya mzazi pako wazi. "Kama si yeye, itakuwa mwengine. Kuko mumoja ku Likasi."

Darlène alikuwa amesikia yote. Jioni hiyo, wakimenya mihogo, hakusubiri.

"Mama, weye ulienda Luanda. Mi nibakie hapa kuhesabu malori?"

"Utaenda. Na miaka yako."

"Na miaka yangu hakuna mutu ananipigiaka simu. Banaona murefu, basi."

Maneno ya Stany, yametoka kinywani mwa mtoto wa Ndaya. Darlène hakula. Kesho yake hakwenda uwanjani.

Karatasi ilikuwa juu ya kabati, chini ya redio. Ndaya hajifichi. "Nilishika kalamu," anasema. "Nisikudanganye. Nilijiambia, huyu mutoto analala mu chumba kimoja na mama yake. Mi napata franga elfu kumi na tano siku nzuri, elfu tano siku mbaya. Goti iko moja. Nani mi nimuzuilie mulango? Nilishika kalamu, nikaandika herufi ya kwanza. N."

Herufi ikamwangalia. Ilikuwa ya Ndaya. Alikuwa anataka kutia sahihi uongo wa mtoto kwa jina ambalo lenyewe ni uongo. Akafunga kalamu, akampigia simu Kyungu.

Kyungu alifika Jumapili, baada ya misa, vumbi la barabara ya Fungurume likiwa kwenye nyusi. Alileta sabuni mbili na mikate miwili. Hajawahi kuja na kimoja. Walikaa watatu kibandani, uwanja ukiwa mtupu, na Darlène amekunja uso.

"Darlène," Kyungu alisema, "Kabange yangu iko wapi?"

"Tonton, si alikufa akiwa mutoto?" binti alimwuliza mjomba wake.

Kyungu alimgeukia dada yake. "Mwambie." Ndaya alijaribu. Akaishia kuokota buti na kulifuta vumbi. Kyungu akasema mwenyewe, kwa upole, kama anayeonyesha mahali pa kukaa.

"Kabange huyu hapa. Anashonaka viatu."

Darlène anasema alidhani ni utani wa mjomba, maana mjomba ni mtani. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Pengo lilelile la meno ya mbele. Masikio yaleyale yaliyobanana na kichwa. "Kila Noeli naona hizi sura mbili mezani," anasema. "Hata siku moja sikuziona."

Hapo Ndaya akaweka buti chini. Alimweleza yote: unga wa bibi, kicheko cha Stany, darasa la tano, daktari aliyecheka, karani na yaya yake. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza, binti aliuliza jambo moja tu.

"Mama, njo maana ile keki ya mwezi wa tatu haumalizake?"

Kila Machi, tangu akiwa na miaka tisa, Darlène amekuwa akimpikia mama yake keki ndogo kwenye sufuria, chini mchanga, juu makaa. Kila Machi mama anakula kipande kimoja na kusema ameshiba.

"Njo maana," Ndaya alisema.

Kesho yake mchana Darlène alichukua karatasi chini ya redio, akampelekea Mechack pale uwanjani, akamwambia hapana. Mechack hakukasirika. Aliikunja vizuri, mikunjo minne, akaitia mfukoni. Alisema ni hasara, mchezaji kama huyu. Akapanda pikipiki kwenda stendi, akachukua gari la Likasi.

Huko Likasi kuna msichana. Msichana huyo ana mama, na huenda mama huyo ana karatasi juu ya kabati sasa hivi. Kama gazeti hili limemfikia, limefungiwa hata sabuni au samaki, asome mpaka hapa. Mtu atakayekuja atakuwa na shati safi na maneno matamu. Hatasema uongo kuhusu uwanja wa nje. Uwanja upo, taa zipo, na dola zipo. Atakachokuwa hajui, au hajali, ni nani atakayekaa na ile miaka iliyokatwa. Anakaa nayo mtoto. Anakaa nayo hospitali, ofisini, na siku ambayo mwanawe mwenyewe atamwuliza.

Mwezi wa saba Ndaya na Kyungu walikwenda parokia walikobatizwa. Padri aliwatolea daftari kubwa lenye jalada lililoliwa na mende. Walifunua kurasa za mwaka 1979, vidole viwili vikishuka pamoja, mpaka wakaona. Majina yote mawili yako kwenye mstari mmoja, kwa wino wa buluu, tarehe moja, na pembeni padri wa wakati ule ameandika neno moja: mapasa.

Kyungu alicheka peke yake. "Mutoto yangu," alisema, "kumbe hatupishane."

Ndaya anasema hapo ndipo alipolia, si mahali pengine popote.

Nakala ya daftari hilo, iliyopigwa muhuri, iko sasa mikononi mwa mahakama, pamoja na ushahidi wa Kyungu. Wamemwambia inaweza kuchukua miezi. Wanaweza pia kumwuliza kwa nini alitumia karatasi ya uongo miaka yote hiyo. "Bakiniuliza, nitajibu," anasema. "Nimechoka na kunyamaza, si na kujibu."

Darlène anaingia darasa la sita mwaka huu, mwaka wa mtihani wa serikali. Klabu moja ya wanawake ya Lubumbashi imekubali kumtazama katika likizo baada ya mtihani, akiwa na miaka yake yote kumi na minane. Hawajaahidi kitu. Ndaya amewauliza mwenyewe kwa simu, maswali mengi, mpaka kocha akamwuliza kama yeye ni mama au ni wakili.

Na si Darlène peke yake atakayeingia chumba cha mtihani. Serikali inaruhusu watu waliokwisha kutoka shuleni kujiandikisha kama wanafunzi wa kujisomea. Ndaya anataka kuufanya mwaka huohuo, kwa jina la Kabange, kama mahakama itawahi. Isipowahi, atasubiri mwaka unaofuata. Mchana, mabuti yakipungua, Darlène anaketi juu ya ile ndoo iliyogeuzwa na kumfundisha hesabu. Binti si mwalimu mwenye subira.

"Mama, hii tulifanya jana."

"Jana nilikuwa na miaka makumi ine na mbili. Leo niko na makumi ine na sita, akili imechoka. Rudilia."

Akipata diploma, ile shule au nyingine itahitaji tena mwalimu wa michezo. Anataka kufundisha wasichana kuruka, na kabla ya kuruka, anataka kumwuliza kila mmoja tarehe yake na kuiandika mwenyewe.

Bango la kibanda limebadilika wiki mbili zilizopita. Zamani lilisomeka MAMA NDAYA, VIATU. Darlène amelipaka rangi upya. Asubuhi hii mteja wake wa siku nyingi, Abedi, anayesafirisha mizigo kati ya Kolwezi na Fungurume, anafika na jozi mbili za mabuti zilizofumuka, anasimama, anasoma bango kwa sauti.

"KABANGE, VIATU." Anatazama huku na huku. "Mama Ndaya, umeuza kazi? Huyu Kabange ni nani? Yaya yako?"

Mwenye kibanda ana desturi ya kuandika jina la mwenye buti kwenye soli kwa chaki, zisichanganyike. Anaandika Abedi kwenye soli ya kwanza, Abedi kwenye ya pili, bila haraka.

"Hapana," anasema. "Ni mi."